Dokta mmoja kaniambia implanti nisubiri karibu mwaka, mwingine kasema hata kesho, nimsikilize nani?

Dokta habari za kazi. Mi ni mwanaume wa miaka 51, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa kweli. Mwaka jana niling'oa magego mawili ya chini kushoto, moja lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi na lingine halikuwa limeoza ila lilikuwa linacheza tu, nikasema yote yaende, kwa nje si hayaonekani. Sasa nimechoka kutafuna upande mmoja, chakula kinajaa pale pengoni, afu jino la mbele yake naona kama limeanza kulala.

Nikaenda kwa dokta wa kwanza nikamwambia nataka implanti. Huyo bwana alinihoji kama niko polisi, dawa gani natumia, nimewahi kulazwa, nalalaje, akanipiga eksirei, afu akawa anachomeka kijichuma chembamba kwenye fizi za meno yote anataja namba na msaidizi wake anaandika. Mwishoni akasema kwa sababu nina sukari (kweli ninayo, natumia vidonge, na asubuhi nikipima kidoleni inasoma vizuri tu) nikapime kipimo cha miezi mitatu, fizi zitibiwe kwanza, ndo baadaye tupige skani tuone mfupa. Hesabu yake yote mpaka nipate jino ni karibu mwaka mzima. Nikaona huyu anataka kunichuna.

Wa pili hakunichosha, kaangalia mdomo dakika chache akasema hata kesho tunaweka na jino unaondoka nalo siku hiyohiyo. Nikampenda. Mke wangu ndo kanizuia, anasema tukuulize kwanza wewe.

Hicho kipimo cha miezi mitatu nilipima, kimetoka 8.9. Sigara navuta ila sio sana, kama nusu pakiti kwa siku, kwenye fomu zao nilijaza sivuti maana sioni inahusiana nini na mfupa wa taya. Na mke wangu anadai usiku nasaga meno mpaka anaamka. Baada ya miezi miwili nina shughuli kubwa ya familia na ningependa niwe nimekamilika mdomoni.

Lingine, dada yangu mkubwa ana miaka 63, hana meno taya la chini, anataka implanti za kushikilia meno ya bandia maana aliyonayo yanaruka akiongea. Ila anachomwa sindano ya mifupa kila baada ya miezi sita, na rafiki yake kamwambia aiache kwanza sindano ndo aweke. Ni sawa? Asante.

Pengo la Kushoto

*

Kaka Pengo, salama kabisa. Nenda kwa wa kwanza, na mke wako mshukuru.

Simaanishi wa pili ni tapeli. Kuweka skrubu na kuvalisha jino la muda siku hiyohiyo ni jambo lipo, linafanyika, na kwa mtu anayefaa linatoka vizuri tu. Shida ni kwamba kwa dakika chache za kukuangalia mdomo hakuna mtu anayeweza kujua kama we ni mtu anayefaa, na kwa haya uliyoniandikia mimi, kwa leo hufai. Hata hiyo sukari sijaona mahali umesema alikuuliza.

Ngoja nikueleze inavyoshika, maana ukishaelewa hapo mengine yote utayaona mwenyewe. Implanti ni skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa badala ya mzizi wa jino, juu yake ndo panafungwa kichwa, na juu ya kichwa krauni, yaani lile jino lenyewe linaloonekana. Hii habari ya titani kushikana na mfupa aliigundua Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950, na wala hakuwa anatafuta meno, alikuwa anachunguza damu inavyopita kwenye mfupa wa sungura kwa kutumia vifaa vya titani, alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa umeng'ang'ania. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, na yule bwana aliendelea kutafunia implanti zile kwa zaidi ya miaka 40 mpaka alipofariki mwaka 2006. Kwahiyo chuma kama chuma hakina shida, kimeshajipima siku nyingi. Anayepimwa ni wewe, maana skrubu haijishikilii, mfupa wako ndo unaoishika.

Na unaishika kwa awamu. Siku ya kuwekwa inakaa imara kwa sababu tu imekazwa kwenye tundu lililobana. Baada ya hapo mwili unaanza kula ule mfupa uliojeruhiwa pembeni ya skrubu na kujenga mpya, na kuna kipindi, wiki ya tatu ya nne hivi, wa zamani umeshalegea na mpya haujakomaa, hapo implanti inakuwa dhaifu kuliko siku ile ya kwanza ulivyotoka kwa dokta. Wewe huhisi kitu, fizi imeshafunga, maumivu hamna, unajiona umepona. Ikisukumwasukumwa kipindi hicho, hata mtikisiko wa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, badala ya mfupa inajengeka nyama laini kuizunguka na hapo ndo imeshafeli, itatoka tu. Ndo maana taya la chini kwa kawaida wanasubiri kama miezi miwili mitatu, la juu zaidi ya hapo maana mfupa wake ni mlaini. Sasa mtu anayesaga meno usiku mpaka mwenzie anaamka, umfungie jino la kutafunia siku ya kwanza, kwenye gego ambako ndiko nguvu yote inapotua... unaona mwenyewe.

Haya tuje kwenye 8.9 yako. Kidole cha asubuhi kinakwambia sukari ya asubuhi hiyo tu. HbA1c inasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120, ndo maana tunaita kipimo cha miezi mitatu. Kwahiyo kama kidole kinasoma vizuri na hiki kimetoka 8.9 maana yake sukari inapanda saa ambazo hupimi, baada ya kula mara nyingi. Ikiwa 7 au chini ya hapo wengi wetu tunaendelea bila wasiwasi, ikiwa kati ya 7 na 8 tunakaa tunaongea tunaangalia na mengine, ikipita 8 wengi tunaahirisha, maana sukari ikiwa juu muda mrefu vimishipa vidogo vya damu vinachoka, askari wa mwili wanachelewa kufika kwenye kidonda na seli zinazojenga mfupa zinafanya kazi kivivu. Kisukari chenyewe hakikuzuii, tunawawekea wenye sukari kila siku na zinadumu. Kinachokuzuia ni sukari isiyoshikika. Na usije ukajiongezea vidonge kimyakimya ili namba ishuke haraka, rudi kwa daktari wako wa sukari mwambie nataka kuwekewa implanti na kipimo changu ni hiki, yeye ndo apange, afu upime tena baada ya miezi mitatu. Sio kabla, maana kabla ya hapo kipimo bado kinahesabu siku zako za zamani.

Sasa kuna kitu umekiandika kwa kukipitia tu ila mimi ndo kimenisimamisha. Lile gego la pili. Halikuoza, lilikuwa linacheza. Jino la mtu mzima halianzi kucheza hivihivi, mara nyingi ni ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaolishikilia, na ule ugonjwa hauondoki kwa kung'oa jino moja, bakteria wapo kwenye vijimfuko vya fizi vya meno yaliyobaki wanaendelea na maisha yao. Kile kijichuma kilichokuwa kinakuchosha ndo kilikuwa kinapima kina cha hivyo vijimfuko kwa milimita. Jino zima linatoa 1 mpaka 3, ikianza 4 tunaanza kuuliza maswali, ikifika 6 na kuendelea hapo pana kazi. Zile namba ni zako, mwombe nakala uzione, na muulize ni meno mangapi yana 5 au 6.

Kwa nini inahusu implanti? Kwa sababu implanti haiozi ila inaugua fizi, tena ugonjwa uleule kwa bakteria walewale, wanahama tu kutoka kwa jirani. Fizi ikivimba, mfupa unaanza kuliwa kuzunguka skrubu polepole bila maumivu, unakuja kustuka usaha unatoka au nyuzi za skrubu zinaonekana, na kutibu hiyo hali ni kazi ngumu kuliko kutibu fizi za meno ya kawaida. Waliowahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi wako kwenye hatari zaidi, hawakatazwi ila wanatibiwa kwanza. Afu kuna faida ambayo labda dokta wako hakukwambia: fizi zikitibiwa vizuri HbA1c yenyewe huwa inashuka kidogo, kama 0.3 au 0.4 hivi, maana ule uvimbe wa kila siku mdomoni unachangia kupandisha sukari. Kwahiyo alivyokwambia fizi zitibiwe kwanza hakuwa anatafuta bili ya pembeni, alikuwa anashughulikia vitu viwili kwa mkupuo mmoja.

Sigara. Kaka, hapa nitakuwa mkali kidogo. Ile fomu sio ya mapambo, ile fomu ndo mpango wenyewe, na uliyoijaza inamhusu mtu mwingine. Nikotini inabana mishipa ya damu, moshi unapunguza hewa safi inayobebwa na damu, na mfupa unaotakiwa kushika skrubu unaishi kwa damu hiyohiyo. Kwa wavutaji hatari ya implanti kupotea ni kama mara mbili ya wasiovuta, ukiichanganya na sukari ya 8.9 na fizi zenye ugonjwa hivyo vitu havikai kila kimoja kwenye kona yake, vinasaidiana kukuharibia. Na kuna ujanja mwingine wa sigara ambao watu hawaujui, inaficha ugonjwa. Kwa sababu mishipa imebana, fizi za mvutaji hazivuji damu sana ukipiga mswaki, kwahiyo mtu anajiona ana fizi safi kumbe chini kunaliwa. We ulikuwa unaona damu mswakini? Nakisia hapana.

Utaratibu unaotumika sana ni kuacha angalau wiki moja kabla ya upasuaji na wiki nane baada yake, ile wiki nane ikuvushe kwenye kipindi dhaifu nilichokwambia hapo juu. Lakini hicho ni kiwango cha chini, ukiacha miezi kabla ni bora zaidi na fizi zitapona vizuri, na ukiacha moja kwa moja utakuwa umeilinda implanti kwa miaka inayokuja, sio hizo wiki tu. Usinihamie kwenye shisha au sigara ya umeme ukasema umeacha, nikotini ni ileile. Mpigie dokta wa kwanza umwambie tu ukweli, hatakusema, tumezoea, mtu anaingia ananukia sigara na fomu inasema hapana.

Dawa nyingine hukunitajia ila nadhani kwa miaka 51 huenda kuna za presha au za moyo. Siku ya miadi beba kila kitu unachomeza kwenye mfuko, na mitishamba na vitamini humohumo, mwagia mezani. Kama kuna ya kuzuia damu kugandana usiiache mwenyewe ati kwa sababu unaenda kupasuliwa, kuna waliopata kiharusi kwa ujanja huo, na damu ya fizi tunajua namna ya kuizuia.

Tuseme sasa fizi zimetulia, sukari imeshuka, sigara umeacha. Hapo ndo skani, na skani ninayosema ni ile ya pande tatu, sio eksirei ya kawaida, maana eksirei ya kawaida inaonyesha urefu wa mfupa ila unene wake haionyeshi. Na kwako unene ndo wasiwasi wangu. Jino likishang'olewa ule mfupa unakosa kazi unaanza kunywea, ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua mpaka karibu nusu, na sehemu kubwa ya hiyo inapotea miezi mitatu ya mwanzo. We umeng'oa mwaka jana. Pitisha ulimi pale pengoni, upande wa shavuni, ukihisi pameingia ndani kama pana kibonde ujue ndo hicho. Ikionekana hautoshi wataongeza mfupa kwanza, na mara nyingi hiyo peke yake inataka miezi minne mpaka sita kabla ya skrubu kuingia, japo kukiwa kumepungua kidogo tu vinaweza kufanyika siku moja.

Kitu kingine kwenye taya la chini ni neva. Kuna mfereji unapita ndani ya mfupa chini ya magego umebeba neva ya mdomo wa chini na kidevu, skrubu inatakiwa ibaki milimita 2 juu yake. Ikigusa, unaweza kubaki na ganzi ya nusu ya kidevu kwa miezi au hata isirudi kabisa, unakunywa chai inakumwagikia kidevuni hujui. Umbali wa kutoka mzizi wa jino jirani ni kama milimita 1.5, kati ya implanti na implanti kama 3. Hivi ni vipimo vya kwenye kompyuta kabla hujalala kwenye kiti, havikisiwi kwa macho. Hata kutoboa kwenyewe kunataka utaratibu, mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unakufa, ndo maana mashine inazungushwa polepole huku maji ya chumvi yanamwagwa muda wote, usije ukadhani anakuchelewesha.

Na umesema jino la mbele ya pengo limeanza kulala. Vizuri umeliona. Sasa simama kwenye kioo, uma meno, vuta shavu, angalia gego la juu linalotazamana na pengo, kama limeshuka kuliko wenzake maana yake nafasi ya krauni inaliwa kutoka juu na kutoka mbele. Mpango mzuri unaanzia kwenye jino unalotaka liwepo, ndo unashuka kutafuta skrubu ikae wapi, sio skrubu ikae popote penye mfupa halafu jino litajijua. Kwahiyo watachukua chapa ya meno yote, na inawezekana wakasema gego la juu lisagwe kidogo au hili lililolala linyooshwe kwanza. Inaudhi najua.

Muulize pia kama kweli unahitaji mawili. Kama uliyong'oa ni gego la kwanza na la pili, kuna madokta, na mi ni mmoja wao, ambao kwa mtu kama wewe wangeanza na la mbele tu waone anatafuna vipi, maana lile la nyuma ni gumu kulifikia kwa mswaki na linabeba nguvu nyingi zaidi. Wengine watakwambia yote mawili na sababu wanazo. Daraja pia lipo, yaani meno ya bandia yanayoshikwa na meno ya jirani, ila lenyewe linataka jino zima mbele na jino zima nyuma yachongwe ili yalishikilie, na kama nyuma ya pengo hamna jino hilo limekwisha.

Kuhusu kusaga, mweleze dokta kabla, sio krauni ikishapasuka. Atakutengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku, na krauni atairekebisha isipokee nguvu kwa pembeni. Implanti haina ule utando laini ambao jino la asili linao kati ya mzizi na mfupa, utando ule ndo unaokustua ukiuma kijiwe, kwahiyo kwenye implanti utakandamiza bila kujijua.

Sasa shughuli yako ya miezi miwili. Wala usiifanye ikuamulie kuhusu mfupa. Kwanza we mwenyewe umesema magego hayaonekani, ukicheka nani ataona? Kama roho haitulii, tengenezewa kibandia kidogo cha kuvaa na kuvua, kinakamilika mapema kabisa, unakula nacho vitu laini, unapiga nacho picha, na kitakusaidia hata kwa kipindi chote cha kusubiri, ila kikifika kipindi cha skrubu kisije kikakandamiza pale juu, muulize dokta akipunguze.

Ukitaka kumpa na wa pili nafasi sawa, mi sina ubaya, rudi kwake ukiwa na karatasi ya 8.9, umwambie kuhusu sigara, kusaga na lile jino lililokuwa linacheza, afu umuulize atapiga skani ya pande tatu kabla au la, na ikifeli atafanya nini. Akibadilisha mpango baada ya kusikia hayo, huyo ni dokta mzuri aliyekosa taarifa. Akisema hamna shida tunaweka tu kesho, chukua karatasi yako uondoke. Na yeyote utakayemchagua, mwambie mwishoni akupe kadi yenye jina la kampuni ya implanti, kipimo cha skrubu na namba ya toleo. Kampuni ni nyingi na bisibisi zao haziingiliani, siku kichwa kimelegea na uko mbali na kwenu, bila kadi hiyo dokta mwingine atabaki anabahatisha.

Kwa ujumla kwa mtu aliyejiandaa, implanti zaidi ya 9 kati ya 10 bado ziko kazini baada ya miaka 10, ila kuzitunza ni kila siku, mswaki pamoja na kile kibrashi chembamba cha kupita katikati, na kwa historia yako ya fizi mi ningekuita usafi kila miezi mitatu minne, sio ile ya mara moja kwa mwaka.

Dada yetu mkubwa. Miaka 63 sio tatizo kabisa, umri wa juu hauna kikomo kwenye hili, tunaowazuia kwa umri ni watoto ambao taya bado linakua. Na wazo lake ni zuri mno, mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada walitoa msimamo kwamba kwa mtu asiye na meno taya la chini, meno ya bandia yanayoshikwa na implanti mbili ndo yawe chaguo la kwanza, kwahiyo hatafuti anasa.

Ila rafiki yake asimsikilize hata kidogo. Sindano ya mifupa ya kila miezi sita mara nyingi ni denosumab, na hiyo ukiikatisha bila mpango mfupa unaanza kuvunjwa kwa kasi kuliko hata kabla hajaanza, watu wamevunjika pingili za uti wa mgongo, zaidi ya moja kwa mpigo, kwa kuchelewesha tu sindano. Woga upande wa pili nao ni wa kweli: dawa hizi, na vidonge vya kundi la alendronate, zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya upasuaji na kubaki wazi. Kwa anayetibiwa mifupa kupungua nguvu hatari hiyo ni ndogo, chini ya 1 kati ya 100. Kwa anayechomwa dozi kubwa za mara kwa mara kwa sababu ya saratani ni kubwa zaidi, na huko implanti kwa kawaida hatuweki. Kinachofanyika kwa mtu kama yeye ni madaktari wawili kuongea, wa mifupa na wa meno, kisha upasuaji unapangwa sindano ya mwisho ikiwa imepita miezi kadhaa, fizi ipate wiki za kufunga, na sindano inayofuata achomwe tarehe yake ileile. Mwambie aniandikie mwenyewe, aseme jina la sindano lilivyo kwenye boksi, alianza mwaka gani, ya mwisho alichoma tarehe ngapi, na kama aliwahi kumeza vidonge vya mifupa kabla ya hapo, hata kama ni zamani.